Somo la Maji Ndani ya Jiwe

Makunduchi, 29 Januari 2023

Mama mkubwa Biasha, shikamoo.

Barua hii anakuja nayo Sabri, yule kijana wa jirani zetu wa Mkunazini anayefanya kazi huko Maskati. Mama anakusalimu sana. Jicho lake moja limepata nafuu, la pili daktari amesema tungoje. Nyumba imepakwa chokaa upande wa ukumbini tu. Ukuta wa nyuma umevimba na fundi amekataa kuugusa.

Mimi nimehamishiwa Makunduchi, nafundisha darasa la nne. Chumba nimepata nyumbani kwa Bashira. Najua nyinyi wawili hamuandikiani, kwa hiyo habari zake nakupa mimi: mwanao ana watoto watatu, analima mwani, na mumewe anatengeneza mashine za boti. Mtoto wa mwisho ni Tahiya. Ana miaka kumi na yumo darasani kwangu.

Sasa ombi langu. Mwalimu mkuu wetu, mwalimu Jaku, ameamua kwamba mtoto wa darasa la nne ambaye ifikapo Julai atakuwa hajajua kusoma atatolewa kwa wenzake na kutiwa chumba cha nyuma. Chumba hicho nimekiona. Watoto wanaimba silabi asubuhi mpaka adhuhuri. Hawasomi sayansi, hawasomi jiografia, mpaka kwanza wajue kusoma, na wengi hawajui kwa sababu hawapewi chochote cha kusoma zaidi ya ba, be, bi. Wenzao wanawaita "akina babebi", na jina hilo linawafuata mpaka dukani.

Nataka kufundisha kusoma ndani ya somo la sayansi lenyewe, ili asitolewe mtu. Tatizo langu ni kupanga. Nikipanga sayansi, kusoma kunapotea. Nikipanga kusoma, sayansi inageuka hadithi. Wewe umewafunza walimu huko tangu mimi sijazaliwa. Nisaidie. Tahiya ni mmoja katika wanaotajwa.

Bashira hajui kama nakuandikia.

Mwanao,
Nadra


Maskati, 20 Februari 2023

Mwanangu Nadra, marahaba.

Nimefurahi kwa jicho moja la Kazija na nasubiri habari ya la pili. Ukuta wa nyuma ulivimba vilevile tulipokuwa watoto. Mwambie fundi asikaribishe saruji. Ukuta ule ni wa mawe na chokaa, unavuta maji na kuyatoa. Ukiubana kwa saruji utayaweka ndani mpaka uanguke. Hapa mvua imenyesha siku moja tu tangu mwaka uanze. Watoto wa jengo letu walishuka chini wote kuitazama, kama watu waliokuja kumuona bibi harusi.

Kazi tutaifanya kwa barua. Simu naitumia kwa habari za kufiwa.

Unasema hujui kupanga. Hiyo ndiyo sentensi iliyo sahihi kuliko zote katika barua yako, kwa hiyo tuanzie hapo. Somo la namna hii lina malengo mawili, na yote mawili yaandikwe juu ya ukurasa kabla hujashika chaki: mtoto ataelewa nini, na atasoma vipi ili akielewe. Ukishindwa kuandika la pili, huna somo, una mazungumzo.

Chagua kitu wanachokiishi. Ardhi yenu huko ni mawe matupu, na watu wa zamani walikunywa maji ya mapangoni. Basi uliza: mvua ikinyesha juu ya jiwe, maji yanakwenda wapi? Siku ya kwanza usifungue kitabu. Lete mawe, lete maji, wamimine, waone. Waseme kwa maneno yao, nawe uyaandike ubaoni kama walivyoyasema. Siku ya pili wape ukurasa mmoja, uliouandika wewe, wenye kichwa, picha ya pango, na maneno yaleyale yaliyotoka vinywani mwao, pamoja na mageni matatu tu. Wafunze kuanza na kichwa, kisha picha, kisha kukisia, ndipo wasome kuona kama wamekisia sawa. Siku ya tatu waandike wenyewe safari ya maji: kwanza, kisha, mwisho.

Kuhusu mwanafunzi uliyemtaja. Usipange somo kwa ajili ya mtu mmoja. Mwalimu mwenye kipenzi darasani huwaibia wengine, na kipenzi mwenyewe humlemaza.

Niletee majibu, si sifa.

Biasha


Makunduchi, 16 Machi 2023

Mama mkubwa, shikamoo.

Mama amefurahi kusikia habari ya ukuta na chokaa. Anasema wewe ndiye uliyekuwa ukiuchimba kwa kijiko. Sote tunajitayarisha kwa mfungo, na wewe tunakuombea funga nyepesi.

Ulisema nisilete sifa, lakini nivumilie kidogo.

Siku ya kwanza tulitoka nje. Kila kundi lilikuwa na jiwe lake na kopo la maji. Mcha, ambaye hajapata kusema neno darasani tangu nije, alipiga kelele, "Mwalimu, jiwe langu linakunywa kuliko babu akifuturu!" Walicheka mpaka wakamwaga maji. Kisha wakaanza kubishana yanatokea wapi, na mtoto mmoja akalala chini kabisa kutazama tumbo la jiwe. Nikaandika yote ubaoni, hata babu.

Siku ya pili niligawa ukurasa. Karatasi zilikuwa chache, wawili wawili kwa moja. Nikawasomesha mmoja mmoja kwa sauti. Wengi wanajikokota. Akasimama Tahiya. Mama mkubwa, alisoma ukurasa mzima kama anavyosoma chuoni mbele ya mwalimu wake wa Kurani, sauti inapanda na kushuka, bila kukwama popote. Hata neno "vinyweleo", ambalo liliwashinda wote, alilipita kama maji. Alipokaribia mwisho mwenzake alikuwa ameshaigeuza karatasi achore nyuma, naye akaendelea tu mpaka akamaliza. Mwalimu Jaku alikuwa anapita dirishani. Alisimama. "Huyu si ndiye niliyeambiwa hajui?" akauliza, akaondoka bila kungoja jibu.

Nilipomsimulia Bashira, aliacha kufunga kamba zake za mwani. Akasema, "Kichwa hicho kakichukua kwa nani?"

Nikashika kamba nyingine, nikaanza kumsaidia.

Nadra


Maskati, 5 Aprili 2023

Mwanangu Nadra, marahaba, na Ramadhani njema kwenu nyote.

Nilichimba ukuta kwa kijiko kweli. Kazija alikuwa akishika taa. Mkumbushe hilo pia.

Barua yako nimeisoma kwa makini, na nasikitika kukwambia kwamba mwanafunzi huyo hajui kusoma.

Umeniandikia ushahidi wote wewe mwenyewe na hukuuona. Mtoto wa miaka kumi anayesoma hukwama. Asiyekwama penye neno geni, wakati wenzake wote wamekwama, hakuliona neno hilo, amelisikia. Wenzake walisoma kabla yake. Na karatasi ilipogeuzwa, yeye akaendelea. Aliendelea kusoma nini? Mbao ya meza? Amelelewa chuoni, amezoea kushika kwa sikio, akisikia ukurasa mara moja au mbili anao. Ni kichwa kizuri sana, na ndicho kinachomfichia ujinga wake. Akiendelea hivi atafika darasa la sita akiwa kipofu mwenye sauti nzuri.

Fanya hivi. Andika ukurasa wa pili. Kichwa kiwe kilekile, picha ileile, mstari wa kwanza uleule. Baada ya hapo habari ibadilike: ueleze jinsi maji ya pangoni yanavyoingia chumvi watu wakiyateka kupita kiasi. Kila mtoto awe na karatasi yake mkononi. Kisha umsimamishe yeye awe wa kwanza, kabla hajasoma mtu mwingine.

Utataka kumwita pembeni. Usimwite. Pembeni atakwambia macho yanamuuma, nawe utaamini kwa sababu unakula kwa mama yake. Mtoto aliyejificha nyuma ya wenzake hutolewa mbele ya wenzake. Nimewafanyia wengi, na wamepona.

Swali la Bashira silijibu, kwa kuwa hakuniuliza mimi.

Biasha


Makunduchi, 29 Julai 2023

Mama mkubwa Biasha,

Shikamoo. Jicho la pili la mama litapasuliwa mwakani. Sikukuu zote mbili zimepita salama. Najua nimechelewa.

Ukurasa wako niliuandika mwezi wa Mei. Nikaupeleka mjini, nikauchapisha Darajani, nikarudi nao Makunduchi, nikauweka mkobani. Kila siku nilikuwa nao mkobani. Nilijiambia labda umekosea. Kisha nikawa namtazama Tahiya anavyomgusa mwenzake kwa kiwiko, "Soma wewe kwanza, mimi koo linaniwasha," na nikajua hukukosea.

Wiki ya pili ya Julai akaja Bwana Anuar, mgeni kutoka kituo cha walimu. Amesikia kuna mwalimu anafundisha kusoma ndani ya sayansi, anataka kuona. Mwalimu Jaku akamleta mpaka darasani, akavuta viti viwili nyuma. Akaniambia kwa sauti ya kusikika, "Msimamishe yule mwenye kusoma vizuri."

Nilikuwa na kurasa za aina zote mbili. Ningeweza kugawa ule wa zamani. Niligawa wako.

Akasimama. Alikuwa amevaa ukaya mpya kichwani kwa ajili ya mgeni. Akatazama picha, akavuta pumzi, akaanza. Mstari wa kwanza ulikuwa sawa. Wa pili akasema mvua inapita katika vinyweleo vya jiwe, na darasa zima lilikuwa na karatasi inayosema watu wa mji wanateka maji kwa mashine. Wakatazamana. Yeye akaendelea, anapandisha na kushusha, vizuri kuliko mara ya kwanza. Mcha akasema, "Mwalimu, huyu anasoma wapi?" Mwengine akajibu, "Anasoma hewani!" Ndipo wakaangua kicheko. Hakuelewa wanacheka nini. Alidhani amefanya haraka, akaanza tena tangu juu, taratibu zaidi.

Bwana Anuar ni mtu mpole. Akaja mpaka mezani pake, akachutama. "Basi mwanangu, nioneshe neno chumvi liko wapi." Tahiya akaweka kidole juu ya picha ya pango.

Mwalimu Jaku alimshika mkono yeye mwenyewe na kumpeleka chumba cha nyuma. Akaniambia baadaye, "Wewe na sayansi yako. Umenipa mwenyewe ushahidi."

Nilipofika nyumbani Bashira alikuwa ameshapata habari. Akaniuliza, "Nani kakufunza kumfanyia mtoto hivi?" Nikakutaja. Alikuwa anapakua wali. Aliurudisha wali wa sahani yangu chunguni, punje kwa punje, akafunika.

Sasa sikiliza lililobaki. Chuoni pia amenyamaza. Anakwenda, anakaa, anafungua juzuu, hatoi sauti. Mwalimu wake amekuja mpaka nyumbani. "Bi Bashira, mtoto kaingiliwa na nini? Huyu ndiye nliyekuwa namtegemea." Bashira akamjibu, "Kasomeshwa."

Uliandika kwamba umewafanyia wengi na wamepona. Nitajie mmoja.

Nadra


Maskati, 30 Septemba 2023

Nadra,

Nasikia kwa Sabri kwamba Kazija anatembea mpaka sokoni bila ya kushikwa. Mpe pole na hongera yangu. Joto hapa halijapungua bado. Nilikuwa siandiki.

Hutapata jina la mtu kutoka kwangu.

Hapa chini ni mpango wa Tahiya. Usitumie kitabu cha silabi. Chukua ule ukurasa wa kwanza wa maji na jiwe, anaoujua kwa moyo. Watu watakwambia umfiche ukurasa huo, wewe mpe. Auseme kwa sauti yake yote, na kidole chako kitembee chini ya kila neno analolisema. Kisha kidole kiwe chake. Mara ya kwanza mdomo utamaliza kabla ya kidole, na atastaajabu. Mwache astaajabu. Anza tena. Siku kidole na mdomo vitakapomaliza pamoja, atakuwa amejua kwamba alama zile ni maneno yale.

Baada ya hapo kata ukurasa kwa mkasi, mstari mstari, ukaupange upya mbele yake, na aupange yeye safari ya maji inavyokwenda kweli: mvua, jiwe, pango. Hawezi kuupanga bila kutazama maneno, na hawezi kutazama maneno bila kufikiri juu ya maji. Hapo malengo yako mawili yamekutana. Kisha kata neno neno. Kisha mnyime neno moja, aone pengo, aseme nini kimekosekana na kwa nini maji hayawezi kupita bila hilo. Mwisho nendeni pangoni na atazame mwenyewe. Akirudi aseme alichokiona, wewe uandike, naye asome alichokisema.

Usimharakishe, wala usimsifu. Akikwama, mwache akwame mpaka atoke.

Umfundishie nyumbani, alasiri, mlango ukiwa umefungwa. Asiwepo mtu wa kucheka.

Biasha


Makunduchi, 27 Oktoba 2023

Mama mkubwa, shikamoo.

Mama mzima. Fundi amekubali kutumia chokaa, na ukuta wa nyuma umeanza kukauka.

Nilimsomea Bashira mpango wako wote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Mpango mzuri?" akauliza.

"Mzuri sana. Sijaona kama huu."

"Ndiyo. Kusomesha anajua." Akakaa. "Basi mfanyie. Mimi sitomnyima mtoto wangu kwa sababu ya mtu. Lakini hapana kumuandikia."

"Kumuandikia nini?"

"Chochote juu ya Tahiya. Asijue kama kasoma, asijue kama kashindwa. Mimi aliniwacha nna miaka sita, akawa anapata hali yangu kwa barua za mama mdogo. Bashira kapona surua, Bashira kaingia darasa la tatu, Bashira kaolewa. Kakaa huko anasoma habari zangu kama gazeti. Nlipojua kuandika hata siku moja hakunambia, niandikie. Sasa na huyu atake kumsoma? Hampati."

Nikamwambia wewe umri umekwenda. Akacheka. "Na mimi wangu umesimama?"

Sharti lake ni hili. Siku nitakayokuandikia neno moja juu ya mtoto, siku hiyo nihame nyumbani kwake, na Tahiya sitamfundisha tena, si nyumbani wala popote. Nimekubali, kwa sababu bila mimi hapana wa kumtoa chumba cha nyuma. Nimemuomba barua moja tu ya kukueleza, na hii ndiyo.

Halitanitoka tena jina lake.

Nadra


Maskati, 24 Novemba 2023

Mwanangu Nadra, marahaba.

Nimefurahi sana kwa ukuta. Ukishakauka, usubiri kabla ya kupaka. Chokaa mbichi juu ya ukuta wenye unyevu inabanduka.

Sharti nimelielewa. Limepangwa vizuri, halina mwanya.

Sabri anakuletea bahasha mbili. Mpango niliokupa unamchukua mtoto mpaka mahali fulani, na baada ya hapo njia zinagawika. Mpe ukurasa asiopata kuuona wala kuusikia. Akiweza kuusoma, hata kwa taabu, fungua ya kijani. Humo mna masomo mengine ya sayansi, kila moja na ukurasa wake: chumvi, kivuli, kutu, mwani unavyokula jua. Nimeyaandika yote kwa mkono kwa herufi kubwa. Asipoweza, fungua ya njano. Humo mna njia ya kurudi nyuma bila yeye kuona kwamba anarudishwa. Ile ya njano ndiyo nene zaidi, kwa kuwa mtoto wa namna hiyo anahitaji mwalimu aliyejitayarisha zaidi.

Ambayo hukuifungua ichome, usinirudishie.

Mwalimu akishapanga somo humwachia aliye darasani. Usiniambie umefungua ipi.

Biasha


Makunduchi, 21 Januari 2024

Mama mkubwa, shikamoo.

Mama atapasuliwa jicho mwezi ujao, inshallah.

Nimefungua ya kijani.

Najua ninachokifanya. Nilikaa na jambo hili tangu Disemba, na kila nikila kwenye sahani ya Bashira nahisi nimekunyima kitu ambacho ni chako. Kwa hiyo nakwambia.

Tulifanya kila kitu ulivyoandika. Kidole na mdomo havikupatana kwa muda mrefu. Alikuwa akimaliza kusema, anatazama kidole chake kilichobaki katikati ya ukurasa, kisha ananitazama mimi kama nimemuibia. Siku moja vikamaliza pamoja. Aliurudia mwenyewe mpaka giza likaingia. Tukakata mistari. Tukaenda pangoni, akashuka mpaka kwenye maji, akaonja, akapiga kelele kutoka chini, "Mwalimu, yana chumvi kidogo! Ule ukurasa wa pili ulisema kweli!" Ukurasa wa pili, mama mkubwa. Aliutaja yeye mwenyewe, na alikuwa anacheka.

Nikampa ukurasa asioujua, niliouandika mwenyewe, unaozungumzia kwa nini chuma kinashika kutu. Hakupandisha sauti wala hakushusha. Alikwama neno la tatu. Akakwama tena. Akatoa jasho. Alikwama mara nyingi sana, na kila akikwama mimi moyo ulikuwa unafurahi, kwa sababu ndivyo ulivyosema, anayesoma hukwama. Alipomaliza akauliza, "Kwa hiyo boti ya baba inaliwa?"

Bashira alikuwa mlangoni. Alichukua bahasha zako mbili, ambazo maana yake nilishamueleza, ya njano akaitia jikoni penye moto, ya kijani akanikabidhi. "Hili uliloliona," akaniambia, "limekwisha hapahapa."

Wiki hii mwalimu Jaku amemrudisha darasani. Amemsomesha kwa sauti yeye mwenyewe, mlango wazi. Ametuambia kwamba akirudi nyuma tena atamrejesha alikotoka. Chuoni bado hajatoa sauti. Nguo zangu nimezifunga. Nitakaa mjini na kuja kwa gari kila asubuhi. Bashira nitamwambia mwenyewe, sipendi kumdanganya. Nangoja Sabri arudi na jibu lako tu, nisije nikahama kwa barua iliyopotea njiani.

Ulistahiki kujua.

Nadra


Maskati, 6 Februari 2024

Nadra,

Nimeisoma mara moja, na Sabri anakurudishia. Ichome.

Ulidhani utanifurahisha, na kwa ajili hiyo umepanga kumwacha mtoto aliyeanza kusoma juzijuzi tu. Mtu anayekwama kila neno la tatu bado hajafika, ameshika ukingo tu. Anahitaji mtu yuleyule ubavuni mwake kila alasiri mpaka mwaka uishe, na mtu huyo ni wewe, na mahali hapo ni nyumbani kwa Bashira. Wewe unataka kumwachia mwalimu Jaku ili bibi mmoja wa Maskati alale vizuri. Hilo ndilo somo baya kuliko yote uliyonionesha. Hata la Julai lilikuwa na lengo.

Fungua nguo zako. Usimwambie Bashira kitu. Hapana cha kumwambia. Sabri amebadilisha mikoba uwanja wa ndege na barua yako imepotea. Nimemfunza maneno hayo, na atayasema mbele ya yeyote atakayemuuliza. Usiniandikie tena juu ya jambo hili. Ukiandika nitairudisha bila kuifungua, na safari hiyo nitamrudishia Bashira mwenyewe.

Karatasi ya pili ndani ya bahasha hii ndiyo ya kumuonesha, akitaka kuona.

Biasha


Maskati, 6 Februari 2024

Mwanangu Nadra, marahaba.

Natumai nyote hamjambo na jicho la Kazija limeshapata siku yake. Hapa baridi kidogo, na wingu limekaa siku nzima juu ya milima bila ya kudondosha kitu. Niambie ukuta wa nyuma umefikia wapi.

Tangu barua yako ya Oktoba sijapata habari yoyote kutoka kwenu.

Biasha